Doa la Tatu la Mzee Kapele

Nimerudisha funguo za lori la mwisho ofisini, nimepewa mkono na soda, na sasa nakaa barazani kwangu hapa Mpanda nikisikiliza wenzangu wakikwaruza gia. Madereva vijana wakija kunisalimu wananiuliza habari za pointi. Wamesikia kwamba kila kosa la barabarani litakuwa na pointi zake kwenye leseni, na zikijaa dereva anakaa nyumbani kumsaidia mkewe kupeta mchele. Wanauliza kwa hofu, kana kwamba sheria imeanza kutushika mashati leo. Nimeona bora niwaandikie, maana nikisimulia kwa mdomo hakosekani mmoja wenu wa kunikatiza.

Nilipoanza kazi, miaka ya sabini, hapakuwa na pointi. Leseni ilikuwa kijitabu kidogo chenye picha yako mbele, na kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Kurasa zile tupu ndizo zilizotutisha. Ukishtakiwa ukapatikana na hatia, hakimu alikutoza faini, kisha akaagiza kosa lako liandikwe mle kwa wino na muhuri wa mahakama ugongwe juu yake. Sisi tuliliita doa. Faini ililipwa ikasahaulika, lakini doa ulitembea nalo. Ukienda kuomba kazi, bosi hakuangalia picha yako, alifungua nyuma kwanza. Doa moja ulisamehewa, kwa sababu dereva asiye na doa hata moja alidhaniwa hajaendesha. Ukiwa na mawili ulianza kunyimwa safari za mbali. La tatu, kwa desturi ya hakimu wetu, liliondoka na leseni yenyewe, na ukitaka kuirudisha ulisubiri kipindi alichotaja, halafu ukafanya mtihani upya pamoja na wanaojifunza. Ukikaa muda mrefu bila kosa uliweza kuomba leseni safi, lakini kwa barabara zetu za wakati ule muda mrefu ulikuwa mrefu kweli.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kapele niwe dereva wake wa pili. Alikuwa Mfipa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alioa kwa Wapimbwe huko Kibaoni. Shirika letu, ambalo sitalitaja, lilipeleka mbegu, mbolea, chumvi na sabuni Katumba kwa wakimbizi waliokuwa wamefika kutoka Burundi, na upande wa pili Sitalike mpaka Kibaoni. Nilidhani nitapewa usukani. Nilipewa spana ya magurudumu, nikaambiwa nigonge kila nati nisikilize.

"Iliyokaza inalia," alisema. "Iliyolegea inanung'unika. Sasa nenda kasikilize, Anselmi, halafu uniambie ipi inanung'unika."

Niligonga zote nikasema zote zinalia. Akaja akagonga moja ya nyuma, akanitazama, akaikaza. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu sijawahi kuwasha lori kabla ya kugonga nati, na wapo kati yenu mlionicheka kwa hilo. Endeleeni kucheka.

Madaraja ya kule yalikuwa ya magogo. Tukifika kwenye daraja alinishusha nitembee mbele kwa miguu, nikikanyaga gogo moja moja, yeye akinifuata kwa gia ya kwanza. Nilimwuliza mbona hashuki mwenyewe. Akanijibu kwamba yeye ana mke. Kulikuwa na daraja moja tu ambalo hatukulikagua, la kijito kisicho na jina kabla ya kufika Sitalike, chini ya mteremko wenye kona. Lilikuwa limewekwa magogo mapya, fupi, imara, na tulilipita bila hata kukatiza mazungumzo.

Mzee Kapele alikuwa na madoa mawili. La kwanza alilipata kwa kupakia abiria juu ya magunia wakitoka gulioni Kibaoni, la pili kwa kutembea na taa moja jioni. Yalimjia karibu karibu, na lile la pili lilimbadilisha. Leseni aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, na kila baada ya muda mkono wake ulikwenda kuigusa. Safari za Tabora alinyang'anywa. Abiria hakubeba tena, hata padri alipoomba. Kila tuliposimama alizunguka gari kukagua taa, na ilikuwa mchana kweupe. Gereji walimwita Bwana Mawili, naye alicheka pamoja nao, lakini mimi niliyekaa naye ndani ya gari niliona jinsi alivyobana meno kila kofia nyeupe ya askari ilipotokea mbele yetu. Alikuwa na umri wa kuwa baba yangu, nyumba aliyolala ilikuwa ya shirika, na kazi nyingine hakuijua. Leseni ikienda, vyote vilikwenda nayo. Woga wake uliniingia na mimi, nikawa natoka jasho kwenye vizuizi hali leseni yangu ina doa moja tu.

Kofia nyeupe ya barabara yetu ilikuwa ya Koplo Maganga, askari wa usalama barabarani, Mnyamwezi wa Tabora. Alisimama mara nyingi pale kwenye kizuizi cha mbung'o, ambapo watu wenye nyavu walizunguka gari kusaka mbung'o kabla hujaruhusiwa kuingia mjini. Na hapa lazima niwaeleze vizuri, maana kesi yote iko hapa. Mnyamwezi na Mfipa ni watani. Wanatukanana wasikasirikiane, Mfipa akisingiziwa uchawi wa radi na Mnyamwezi akikumbushwa babu zake wapagazi wa misafara, na siku ya msiba mtani ndiye anayefunga njia ya jeneza na kufanya vituko mpaka waliofiwa wacheke. Maganga na Kapele walikuwa watani wa kupindukia. Lakini Maganga alikuwa na mpaka wake, na aliutangaza kwa madereva wote.

"Kofia ikiwa kichwani, mimi ni serikali," alisema. "Kofia ikiwa mkononi, mimi ni Maganga. Msije mkachanganya."

Nasi hatukuchanganya. Akiwa na kofia ulisimama, ukatoa leseni, na hata Mzee Kapele aliitwa "dereva" bila tabasamu. Ukaguzi ukiisha, kofia ilivuliwa ikawekwa kwapani, na matusi yakaanza. Tena siku nyingine, akiwa ameshamaliza zamu, tulimkuta kichwa wazi katikati ya barabara, mikono ameitanua, anapiga kelele: "Simama, Mfipa! Leo umebeba radi ngapi?" Siku hizo Mzee Kapele hakusimama. Alipiga honi mara mbili, akamzunguka, akatoa kichwa dirishani: "Toka njiani, mpagazi! Tafuta mzigo ubebe kama babu yako!" Maganga aliruka majanini akicheka mpaka kukohoa. Ulikuwa mchezo wao, na barabara nzima ilikuwa inaujua.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, asubuhi ikakatika, jua likatoka, barabara ikawa inateleza. Tulibeba mbolea na mbegu za mahindi za Kibaoni, mzigo mzito, na watu walikuwa wanausubiri kwa sababu mashamba yalikuwa tayari. Mzee Kapele alikuwa kwenye usukani. Tulikuwa tumeanza kushuka ule mteremko wa kabla ya Sitalike nilipomwona Maganga anapanda kutujia. Alikuwa anakimbia katikati ya barabara, kichwa wazi, suruali ina matope mpaka magotini, anapunga mikono yote miwili.

"Ah, mpagazi leo ana moyo," alisema Mzee Kapele, uso ukamchangamka. Nilifurahi kumwona hivyo, maana tangu asubuhi alikuwa kimya.

Maganga alifungua mdomo kupiga kelele lakini pumzi ilikuwa imemwisha kwa kupanda mlima. Filimbi ilikuwa inaning'inia begani, akaishika akaipeleka mdomoni, ikatoa hewa tu. Mzee Kapele akapiga honi mara mbili, akamzunguka. "Kapumzike, mpagazi, mzigo umekushinda!" Maganga hakuruka majanini. Alipiga bodi ya gari kwa kiganja tulipokuwa tunampita, na uso wake ukapita dirishani kwangu, karibu kiasi cha kuuona vizuri. Haukuwa uso wa utani.

"Mzee," nilisema, "hacheki."

Tukakata kona. Katikati ya barabara, mbele yetu, palikuwa na fimbo imechomekwa kwenye matope, na juu ya fimbo palikuwa na kofia nyeupe.

Nimeshawaambia alivyokuwa anaiogopa kofia ile. Nadhani mguu wake ulikwenda kwenye breki kabla akili haijauliza kofia inafanya nini pale peke yake. Alikanyaga, akarudisha gia, akavuta handibreki, yote kwa pamoja, na gari likaanza kuteleza upandeupande na mzigo wake wote ukitusukuma kutoka nyuma. Tuliiangusha fimbo. Nikaona mahali palipokuwa na daraja pana maji mekundu yanayokwenda kasi, na gogo moja tu limebaki, limesimama wima. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Gari likainama mbele upande wangu, gurudumu likaingia hewani, likasimama.

 Chini yangu nilisikia maji yakipiga ukingo, na udongo ukidondoka kidogo kidogo.

"Usifungue mlango," alisema Mzee Kapele kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Uzito ukibadilika tunakwenda. Pitia dirishani kwangu, panda juu, nenda ukakae nyuma kabisa juu ya magunia. Polepole. Polepole, mwanangu."

Nilipita juu ya mapaja yake, nikatoka dirishani kwa kichwa, nikashika chuma cha turubai. Gari lilitikisika, nikagandama. Lilipotulia nikatambaa juu ya magunia mpaka mwisho. Maganga alikuwa ameshafika, anahema, ameshika kamba yetu ya manila iliyokuwa inaning'inia nyuma. Aliifunga kwenye ekseli akaizungusha kwenye mti, akaikaza kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, miguu imezama kwenye matope. "Mtoe mzee!" aliniambia. Lakini Mzee Kapele hakutoka mpaka alipozima injini na kuliacha gari kwenye gia. Kisha akapita dirishani, akatambaa juu ya magunia, akashuka, akakaa chini barabarani na kuweka mkono kwenye mfuko wa shati. Leseni ilikuwepo. 

Hakuna aliyemtania mwenzake. Maganga alikwenda kuiokota kofia, ilikuwa imekanyagwa na tairi, akaipangusa matope kwenye suruali, akaitazama, akaivaa.

Baadaye ilikuja Landrover ya polisi kutoka mjini, na ndani yake mkubwa wa Maganga. Akaliona lori linaning'inia. Akauliza kama dereva alisimamishwa.

"Alisimamishwa, afande."

"Alisimama?"

Maganga aliinyoosha kofia kichwani. "Hakusimama, afande."

Hakuulizwa habari ya kofia, naye hakuitaja. Sikumlaumu hata wakati ule. Askari aliyewazoesha madereva kumpita, tena kwa mchezo wa barabarani, alikuwa na la kujibu kazini kwake, na jeshi la polisi nalo lina kurasa zake za nyuma. Mzee Kapele akafunguliwa shitaka la kukaidi amri ya askari. Leseni ikachukuliwa mpaka siku ya kesi, na nikamwona akigusa mfuko mtupu.

Siku zile za kusubiri zilikuwa mbaya. Shirika lilimweka gereji kupaka grisi. Watu walimwambia atulie tu, jambo lenyewe ni jepesi, Anselmi alikuwemo garini, atasimama aseme kofia haikuwepo kichwani, basi. Hata mimi niliona ni jepesi. Mpaka aliponiita chini ya gari tulilokuwa tunalitengeneza, tukiwa tumelala chali wote wawili.

"Anselmi, kofia usiitaje."

Nilidhani sikumsikia. "Mzee, kofia ndiyo kesi yote."

"Kofia ile ndiyo imenirudisha kwa mke wangu. Na wewe imekurudisha kwa mama yako. Angekuwa nayo kichwani, pale darajani pasingekuwa na kitu. Sasa nikaitumie kumfukuzisha kazi mwenye kuitundika?"

"Watachukua leseni."

"Watachukua. Nitalima."

"Utalima nini, Mzee? Mpunga wenyewe mkeo ndiye anayeujua."

"Basi atanifundisha. Wewe ukiulizwa, sema hukuona vizuri."

Nilikasirika. Niliona ananitwisha uongo ili yeye awe mtu mwema, na nikamwambia hivyo, kwa lugha ambayo kijana wa kwetu hamwambii mzee.  Aliendelea kupaka grisi, polepole, kila mahali palipostahili. Nilikwenda kwenye kesi sijui nitasema nini, na hilo ndilo lililokuwa linanichoma, kwamba mtu ameninyima hata ukweli wangu.

Mahakamani sheria ni kuvua kofia mlangoni. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo mpaka nilipomwona Maganga anaingia, kofia kwapani, amepigwa pasi, na hatukujua anayeingia ni nani kati ya wale wawili. Mzee Kapele alikuwa amevaa koti lake la kwenda misani. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, wa kaskazini, mwenye haraka na asiyependa hadithi, na leseni ya Mzee Kapele ilikuwa mezani kwake ndani ya nailoni yake, imefunguliwa kurasa za nyuma. Chini ya doa la pili palikuwa na nafasi.

Maganga akala kiapo. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama alikuwa kazini. Alikuwa kazini. Kama alitoa ishara ya kusimama. Alitoa, kwa mikono yote miwili. Kama dereva alimwona. Alimwona, alipiga honi. Kama dereva alisimama. Hakusimama. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilikuwa linaivuta leseni mbali na mfuko wa lile koti.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "una swali kwa shahidi?"

Mzee Kapele alisimama. Hakuwa na wakili, huku kwetu hatukuwa nao, kwa hiyo ilikuwa zamu yake mwenyewe. Chumba kizima kilijua swali. Mkewe, aliyetoka Kibaoni kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa ameinamisha kichwa akisubiri kulisikia. Neno moja tu: kofia yako ilikuwa wapi? Mzee Kapele alimtazama Maganga kwa muda, na Maganga akamtazama yeye.

"Sina swali, Mheshimiwa."

Mkewe aliguna. Mimi nilijikuta nimesimama, karani akaninyooshea kidole nikae, nikakaa. Hakimu aliandika. "Shahidi, shuka."

Maganga hakushuka.

"Shahidi, umemaliza. Shuka."

"Mheshimiwa, sijamaliza."

Mwendesha mashtaka aliinuka akasema upande wake hauna maswali zaidi. Hakimu aliinua mkono bila kumtazama. "Anasema hajamaliza. Endelea."

Maganga alitoa kofia kwapani akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Alisema siku ile hakuwa nayo kichwani. Alisema alikuta daraja limekwenda, akajua lori la Kibaoni liko njiani, akaona dereva anayekata kona ile hana muda, hivyo akaitundika kofia kwenye fimbo pale ukingoni, na yeye akakimbia kupanda ili awahi juu. 

"Kwa nini dereva akupite kwa sababu huna kofia?" aliuliza hakimu. "Huna uso?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, Mheshimiwa. Nilimwambia, na wenzake wote, kwamba bila kofia mimi ni mtani wake. Amenipita mara nyingi tukicheka. Siku ile alitii nilichomfundisha. Na alipoiona kofia, alisimama. Mheshimiwa, aliisimamia kofia isiyo na mtu."

 Hakimu aliweka kalamu chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Unajua kwamba haya yatafika kwa wakubwa wako?"

"Najua."

"Wamekwisha kukuhoji, hukuyasema. Kwa nini unayasema sasa?"

"Mshtakiwa ameniuliza."

"Mshtakiwa amesema hana swali."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndivyo alivyoniuliza."

Nililia, na sioni haya kuandika. Hakimu akaandika kwa muda, akamwonya Mzee Kapele kwamba barabara si uwanja wa utani na kwamba mtu anayepunga mikono husimamiwa hata akiwa uchi. Kisha akamwachia, akaifunga leseni, akaisukuma mezani. Mzee Kapele aliichukua akaitia kwenye mfuko wa koti. Mimi sikuitwa kabisa kutoa ushahidi, na mpaka leo sijui ningesema nini.

Maganga alivuliwa ukoplo akahamishiwa mbali. Siku ya kuondoka tulimsindikiza stesheni, mimi na Mzee Kapele. Alikuwa na sanduku la bati. Kabla sijalishika, Mzee Kapele alikuwa ameshalinyanyua, amelitwika kichwani, anatembea nalo mbele yetu mbele ya watu wote wanaosubiri garimoshi.

"Mwoneni!" alipiga kelele Maganga. "Mfipa amekuwa mpagazi!"

"Nyamaza wewe," alijibu Mzee Kapele bila kugeuka. "Na wewe sasa una doa."

Baada ya hapo tuliendesha pamoja misimu kadhaa. Aliniachia usukani zaidi na zaidi, akalala njiani akikoroma, jambo ambalo wakati wa hofu yake hakulifanya. Tulikagua kila daraja kwa miguu, hata lile lisilo na jina, na sasa tulipokezana kutangulia. Nafasi ya chini ya doa la pili ilibaki tupu. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho alipougua kifua, akalazwa mjini, akafa kabla ya mavuno.

Mimi ndiye niliyeendesha kumpeleka Kibaoni akazikwe kwa wakwe zake kama alivyotaka. Jeneza lilikuwa nyuma na ndugu na wanawake wa kanisani, mkewe alikaa mbele na mimi, bahasha ya vitu vyake mapajani. Nilikuwa nimegonga nati zote. Tulianza kushuka ule mteremko wa kabla ya Sitalike, na nyuma wimbo ulikuwa umekatika.

Mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara juu ya kona. Alikuwa na kofia nyeupe kichwani. Sijui nani alimpelekea habari, nadhani watu wa reli, lakini alikuwa ametoka mbali kwa garimoshi akaja kutungoja pale, na alikuwa amekonda. Alinyoosha mkono mmoja. Nilisimamisha gari.

Maganga alikuja dirishani. Hakunisalimu. "Leseni."

Nilipeleka mkono kwenye mfuko wangu. Mama mjane akanizuia, akafungua bahasha, akatoa ile nailoni, akampa. Maganga alifungua kurasa za nyuma akazisoma kwa sauti kubwa, ili na wale wa nyuma wasikie: kupakia abiria juu ya magunia, kutembea na taa moja. Nyuma mwanamke mmoja akaangua kicheko katikati ya kilio, mwingine akamfuata.

"Madoa mawili," alisema Maganga. "La tatu liko wapi?"

Mama mjane alitikisa kichwa, analia na kucheka. Maganga akaikunja leseni taratibu akamrudishia. Kisha akarudi katikati ya barabara, akatugeukia, akavua kofia akaiweka kwapani, akatanua mikono yote miwili.

Nikapiga honi mara mbili, nikamzunguka, nikapita.